Igizo la muziki likiwa bado jikoni: maoni ya watazamaji wa kwanza tuyasomeje?

mtunzi_kariakoo

Wadau, salaam.

Tuna igizo la muziki la Kiswahili ambalo bado liko jikoni. Rasimu ya tatu, nyimbo 17, sehemu mbili, waigizaji 9. Mwezi ujao tunalisoma na kuliimba mbele ya waalikwa 60 kwenye ukumbi mdogo: miswada kwenye vishikio, kibodi, besi na ngoma, hakuna maleba wala mapambo ya jukwaa. Mtu mmoja anasoma maelekezo ya jukwaani. Onyesho la majaribio lenye kila kitu litafuata fedha zikipatikana.

Usomaji wa ndani umeshafanyika, watu wachache wakasikiliza. Maoni yao ni haya. Sehemu ya kwanza ni ndefu (imechukua saa 1 na dakika 28; ya pili dakika 51). Mhusika mkuu, binti wa mwenye jahazi, "hatumpendi sana". Maneno ya wimbo wa 4 na wa 9 hayasikiki. Wimbo wa sokoni, ambao mazoezini unavunja watu mbavu, haukumchekesha mtu. Na mwisho "umekuja ghafla".

Wenzangu wanataka tufyeke nyimbo tatu kabla ya usomaji mkubwa. Mtunzi wa muziki hataki hata moja iguswe. Maoni ya namna hii yanasomwaje? Tubadilishe nini sasa, na nini tukiache mpaka tukione jukwaani? Na hao 60 tuwaulize nini?

---

mwongozaji_pembeni

Mkuu, weka mkasi chini kwanza.

Mtazamaji wa kwanza ni shahidi mzuri wa mahali alipochoka, ila si lazima ajue kilichomchosha. Uchovu wa dakika ya 60 mara nyingi umepandwa dakika ya 10. Kisa kinachojulikana sana kwenye fani hii ni cha mwaka 1962, *A Funny Thing Happened on the Way to the Forum*. Igizo la vichekesho tupu, lakini lilipojaribiwa Washington kabla ya New York watu hawakucheka. Mwongozaji Jerome Robbins alipoitwa alitazame, alielekeza kidole kwenye wimbo wa kufungulia. Ulikuwa mwororo, "Love Is in the Air", na uliwaandaa watu kwa hadithi tamu ya mapenzi. Mtunzi wa nyimbo, Stephen Sondheim, akaandika mwingine, "Comedy Tonight", unaotangaza mlangoni kabisa kwamba usiku huu ni wa kuchekeshwa. Ukumbi ukacheka. Wangeshika neno la "hatucheki" kama lilivyo, wangekesha wakinoa utani ambao haukuwa na kasoro.

Kwa hiyo "ndefu" na "hatumpendi" kwenye igizo lako huenda ni ugonjwa mmoja wenye dalili mbili. Chukua mswada na saa, tafuta dakika ambayo binti anaimba anachokitaka. Siyo anaeleza maisha ya nyumbani, siyo anasifu bahari: anachokitaka, na kinachomzuia. Maigizo mengi ya muziki yanaweka wimbo huo ndani ya dakika 15 za mwanzo, mara nyingi ukiwa wa pili au wa tatu. Ukichelewa hadi nusu saa, watu wanakaa na mtu ambaye hawajui wamwombee nini. Hapo ndipo "hatumpendi" inapozaliwa, na usipoangalia utaanza kumwongezea upole na machozi ambayo hayatamsaidia.

Kuhusu urefu, dakika 88 za usomaji si dakika 88 za jukwaani. Toa kwanza maelekezo. Msomaji wenu akisoma kila kitu kilichoandikwa ("anaingia taratibu, anatazama dirishani, anakumbuka mama yake..."), sehemu ya kwanza inabeba dakika 6 hadi 8 zisizo za igizo. Punguza yasiyozidi sentensi moja kwa kila kuingia na kutoka, na yafute kabisa ndani ya nyimbo. Halafu angalia mazungumzo yanayotangulia kila wimbo. Waandishi wapya wana tabia ya kumfanya mhusika aseme "nina hofu, sijui nitamwambiaje baba", kisha wimbo unaanza na kusema hofu ileile kwa beti tatu. Kata mistari minne au mitano ya mwisho kabla ya kila wimbo. Kwa nyimbo 9 au 10 za sehemu ya kwanza, sekunde 20 hadi 30 kila mmoja, umepata dakika 4 hivi bila mtu kuumia. Bado hujagusa muziki hata kidogo na umeshakaribia dakika 77.

Baada ya hapo chora jedwali la safu nne: wimbo, dakika unapoanza, mhusika anataka nini unapoanza, nini kimebadilika unapokwisha. Safu ya mwisho ikibaki tupu, huo ndio wimbo wa kujadili. Hata hivyo usianze kwa kuutoa. Anza na ubeti wa tatu. Beti za tatu nyingi zipo kwa sababu shairi lilidai, hadithi haikuzihitaji.

Sehemu ya kwanza yenye dakika 65 hadi 75 inavumilika. Zaidi ya 80, mtu anaanza kufikiria choo, na hilo halina dawa ya kisanaa.

---

fundi_mitambo_Tanga

Nichukue la maneno kutosikika, maana hapo watu hulaumu mitambo kila siku.

Fanyeni jaribio hili kabla ya kubadili chochote. Mtafuteni mtu ambaye hajawahi kuuona mswada, akae safu ya mwisho na kalamu. Mwimbaji aimbe wimbo wa 4 peke yake, bila chombo wala kipaza sauti, kwa mwendo uleule. Msikilizaji aandike kila neno analolidaka. Kisha wimbo wa 9 hivyohivyo. Baadaye rudieni na vyombo, mkitumia msikilizaji mwingine, kwa sababu yule wa kwanza ameshajifunza maneno. Akikosa maneno mengi kwenye sauti tupu, kosa liko kwenye utunzi. Akidaka vizuri bila vyombo na akapotea vilipoingia, kosa liko kwenye mpangilio wa vyombo au kwenye mikisa, yaani namna sauti zinavyochanganywa kwenye mitambo.

Ikiwa ni utunzi, angalieni mkazo. Kiswahili kinakaza silabi ya pili kutoka mwisho, na mkazo huo unahama neno linaporefuka. Ubeti wa kwanza ukisema "moyo wangu", pigo kubwa la ngoma linaanguka kwenye MO na WA, vizuri kabisa. Ubeti wa pili mtunzi akaweka "moyoni mwangu" juu ya sauti zilezile, pigo likaendelea kuanguka kwenye "mo", wakati sasa lilipaswa kuangukia YO. Sikio la Mswahili linasita nusu sekunde kutafuta neno, na katika nusu sekunde hiyo maneno matatu yameshapita. Dawa yake ni noti moja ndogo kabla ya pigo: "mo" iingie mapema, YO ipokee pigo.

Jingine ni "m" inayosimama peke yake kama silabi, kwenye mtu, mlango, mkono. Inahitaji noti yake. Mtunzi akiibana pamoja na silabi inayofuata, "mlango" inageuka "lango", na hilo ni neno jingine. Na msiipe noti ndefu ya kilele, maana mdomo umefungwa na hakuna sauti ya kutoka.

Ikiwa ni vyombo, mshukiwa wa kwanza ni mkono wa kulia wa mpiga kibodi. Wapiga kibodi waliokulia kwenye kwaya hupenda kuupiga wimbo wenyewe pamoja na mwimbaji. Kwenye mazoezi inasaidia. Mbele ya watu inamfunika. Mkono huo uhame, upande juu ya sauti ya mwimbaji au ubaki na kodi tupu (noti kadhaa zinazopigwa pamoja). Kisha angalieni ki, yaani wimbo umewekwa juu au chini kiasi gani. Mwimbaji wa kike akianza ubeti chini sana, chini ya do ya kati ya kinanda, maneno yanazama hata kwa kipaza sauti kizuri. Pandisheni ki nusu toni mbili au tatu, mradi kilele cha kiitikio hakitamfanya apige kelele. Kikimshinda, badilisheni sauti za ubeti peke yake na mkiache kiitikio kilipo.

Kwenye mikisa: vipaza sauti vya waimbaji kateni masafa ya chini ya hezi 100 hivi, hapo hakuna neno, kuna muungurumo tu. Kibodi ipunguzwe desibeli 3 kati ya kilohezi 2 na 4, ambako konsonanti zinaishi. Spika zikae mbele ya vipaza sauti, zisivitazame, la sivyo mluzi utawamaliza. Vishikio vya miswada vishuke hadi kifuani. Karatasi ikiwa mbele ya mdomo, sauti inagonga karatasi. Ngoma ipigwe kwa viganja, si kwa fimbo, ikae kona ya nyuma. Katika ukumbi wa watu 60 huenda ngoma haihitaji kipaza sauti hata kidogo.

---

mtunzi_kariakoo

Shukrani sana wakuu. Nimepima kama mlivyosema. Wimbo wa binti kutaja anachotaka (kuendesha jahazi la baba yake badala ya kuolewa Lamu) ni wa 5, unaanza dakika ya 31. Kabla yake kuna wimbo wa bandari, wa baba, wa posa na wa mashoga zake, ambao ndio huo wa 4 usiosikika.

Jaribio la kalamu: wimbo wa 4 msikilizaji alipotea hata kwa sauti tupu. Wa 9 alidaka karibu wote bila vyombo, vilipoingia akapotea.

---

mwongozaji_pembeni

Basi umejijibu. Wimbo wa 5 uende nafasi ya pili, mara baada ya bandari. Ila kuhamisha wimbo si kukata na kubandika. Angalia kilichoko jirani: ki zisifanane nyimbo mbili mfululizo, na polepole mbili zisikutane. Angalia pia habari zilizotajwa kwenye posa ambazo wimbo huo unazitegemea. Akiimba "sitaki kwenda Lamu" kabla hatujasikia habari za Lamu, mistari miwili ya bandarini lazima iitaje.

Kama mtunzi anaona wimbo mzima ni mzito kwa dakika ya 8, mpe binti mistari minane tu pale mwanzo, kwa sauti zilezile, ukatizwe na baba kumwita. Wimbo kamili ubaki dakika ya 31, na sasa utapokewa kama jambo ambalo watu wamekuwa wakilingoja. Kwa igizo lako ningeichagua hii. Kukatizwa na baba ni hadithi nzima ndani ya sekunde 40.

Posa ikishawekwa baada ya hapo, wimbo wa mashoga huenda ukakosa kazi. Pima kwa jedwali.

---

dada_dodoso

Kwa hao 60. Kwanza, ni akina nani? Waigizaji 9 kila mmoja akialika ndugu watano, mmejaza watu 45 watakaopiga makofi mtoto wao akikohoa. Wekeni angalau 20 wasiomjua yeyote jukwaani, na karatasi zao za maoni ziwe za rangi nyingine. Karatasi nyeupe kwa ndugu na marafiki, za njano kwa wageni. Msiwaambie sababu. Mkisoma, someni za njano kwanza.

Makofi baada ya wimbo yasiwadanganye. Yanapima namna wimbo unavyofunga zaidi ya kitu kingine chochote: ukiisha kwa pigo moja kali, watu watapiga makofi hata kama hawakuelewa neno. Ukiisha kwa kufifia, watanyamaza hata kama wameguswa.

Kinachosema kweli ni mwili. Wekeni watu watatu wasio na kazi nyingine, wawili pembeni mbele wakitazama hadhira na mmoja nyuma, kila mmoja na mswada wake. Pembeni mwa ukurasa waandike herufi: K kwa kicheko, S kwa watu kujisogeza kitini, N kwa mwanga wa simu, KH kwa kikohozi. Kikohozi kimoja ni mafua. Vikohozi vinne ndani ya ukurasa mmoja ni maoni. Mkilinganisha miswada hiyo mitatu baadaye, mahali ambapo wote watatu wameandika S au N ndipo pa kufanyia kazi, mkianza kutafuta sababu kurasa tano hadi kumi nyuma, kama alivyosema mwongozaji.

Karatasi ya maoni isizidi maswali matano, na "je, umelipenda?" lisiwemo, maana mgeni Mswahili hawezi kukuambia hakupenda chakula chako. Ulizeni mambo ya kukumbuka:

Binti anataka nini? Ulijua lini?
Nani anamzuia, na kwa nini?
Andika mstari wowote wa wimbo unaoukumbuka.
Kuna mahali ulipotea? Kulikuwa kunatokea nini wakati huo?
Muda wa mapumziko ulipofika, ulitaka kujua nini kitafuata?

Swali la tatu ni dhahabu. Watu 60 wakitoka ukumbini, nyimbo 17, na mistari yote inayoandikwa inatoka kwenye nyimbo tatu, mmeshajua zipi zimeshika bila kumuuliza mtu "upi ulikuwa mzuri". Karatasi igawiwe baada ya mwisho, kalamu zikiwa tayari kwenye viti, na ikusanywe kabla ya soda. Ikitoka mlangoni haitarudi.

Kwa mazungumzo ya baadaye, tumieni utaratibu wa Liz Lerman, mtunzi wa dansi wa Marekani, aliouanzisha mwaka 1990. Una hatua nne: watazamaji kwanza wanasema kilichowagusa au kuwakaa, kisha watunzi ndio wanaouliza maswali yao, kisha watazamaji wanauliza maswali yasiyobeba hukumu, mwisho kabisa ndipo mtu anatoa rai, na anaomba ruhusa kwanza: "nina rai kuhusu mwisho, mngependa kuisikia?" Dakika 20 zinatosha. Mtu wa tatu aongoze, asiwe mtunzi wala mwongozaji. Na mtunzi wa muziki apewe kazi ya kuandika, ili mikono iwe na shughuli na mdomo ufungwe. Mtunzi akianza kujitetea, hadhira inaanza kumliwaza, na hapo mmepoteza jioni.

---

ngoma_na_vina

Wimbo wa sokoni msiuguse! Nasema hivyo kwa sababu usomaji wa vishikio hauwezi kupima wimbo wa kuchezwa. Nusu ya kichekesho iko kwenye makapu, kugongana na mtu kujificha chini ya meza. Msomaji wa maelekezo akisema "anajificha chini ya meza" hakuna atakayecheka. Andikeni kwenye jedwali "haujapimwa" na muendelee.

Lakini kagueni mambo mawili yanayopimika hata mtu akiwa amesimama. Neno la kuchekesha limekaa wapi kwenye mstari? Kiswahili kina tabia ya kuburuta vimilikishi na virejeshi nyuma ya neno. "Nimeiona kanzu ya sheikh kwenye kamba ya jirani yangu yule" inamaliza utani katikati, halafu inaburuta mkia. Pinda mstari: "Kwenye kamba ya jirani nimeona nini? Kanzu ya sheikh." Neno la mwisho ndilo la mshtuko, na baada yake kimya.

Kimya hicho kiandikwe kwenye muziki. Mpiga kibodi apewe mipigo miwili au minne ya kuzungusha, na aambiwe azunguke mpaka kicheko kianze kushuka, si mpaka kiishe. Asipoambiwa ataenda moja kwa moja kwenye mstari unaofuata, watu watameza kicheko ili wasikie, na wakishameza mara mbili hawacheki tena usiku huo. Mazoezini hamlioni tatizo hili kwa sababu mnacheka mkiwa mnajua kinachofuata.

Wimbo wa 4 kupotea hata kwa sauti tupu, mimi ningehesabu mizani kabla ya kumwita fundi. Mashoga wakiimba kwa zamu kasikasi, mizani nane kwa pigo nne inafuatika. Ikifika kumi na mbili kwa pigo zilezile, hata mwimbaji hodari anatema mchele.

---

mtunzi_kariakoo

Nimehesabu. Kumi na moja, na mahali pengine kumi na tatu.

Jamani na la mwisho kuja ghafla? Na kuna mwenzetu anataka tuwaruhusu waalikwa warekodi na kupandisha mtandaoni ili igizo lijulikane mapema.

---

mwongozaji_pembeni

La mwisho: hesabu dakika kati ya uamuzi wa binti na sauti ya mwisho ya igizo. Kisha tazama huo uamuzi unafanyika ndani ya wimbo au kwenye mazungumzo. Igizo lililokuwa likiimba hisia kubwa zote, halafu likafanya uamuzi mkubwa kuliko wote kwa sentensi mbili za kuongea, litaonekana limekatwa hata kama lina dakika 20 za ziada. Uamuzi uimbwe, hata kwa mistari sita.

Ila uwe tayari kuandika wimbo huo zaidi ya mara moja. *Company*, igizo la muziki la mwaka 1970, lilifika Boston kwa majaribio likifungwa na "Happily Ever After", wimbo ambao watu waliuona mchungu mno. Sondheim akaandika "Being Alive", ambao kwa kweli unaanza na uchungu uleule kisha unageuka katikati. Alibakiza shaka ya mhusika na kumpa njia ya kutoka nayo. Kwa binti wako vilevile, usimalize kwa kushangilia tu eti kwa sababu watu wamesema ghafla.

---

msomaji_wa_Limuru

Kuhusu kurekodi, nitapingana na wengi hapa.

Marekani usomaji wa hatua hii una kanuni za chama cha waigizaji: jumla ya saa 29 za kazi ndani ya wiki mbili, miswada mkononi, bila maleba, na maoni hayaendi magazetini. Sababu ni nzuri. Ila huku kwetu kuna njia nyingine iliyoshafanya kazi. Mwaka 1977, kijijini Kamĩrĩĩthũ, Limuru, waandishi Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ walifanya mazoezi ya igizo lao la Kigĩkũyũ, *Ngaahika Ndeenda*, hadharani. Wanakijiji walikaa, wakatazama, wakasahihisha. Wazee walirekebisha lugha, nyimbo na namna sherehe zinavyochezwa, kwa sababu ni wao waliokuwa wakizijua. Igizo lilipozinduliwa Oktoba mwaka huo, kwenye uwanja wa wazi waliojijengea, lilikuwa limeshapita mikononi mwa watu wengi, na serikali ililifungia mwezi uliofuata. Mwaka 1982 igizo jingine la Ngũgĩ wa Thiong'o, *Maitũ Njũgĩra*, liliponyimwa Ukumbi wa Taifa wa Kenya, mazoezi yake yakaendelea Chuo Kikuu cha Nairobi, na maelfu wakayaona mazoezi tu, kabla hayo nayo hayajazuiwa. Kwa hiyo kufungua mlango kabla ya igizo kuiva si dhambi.

Tofauti ni kwamba mzee wa Kamĩrĩĩthũ alirudi kesho yake akaona marekebisho. Kipande cha sekunde 40 mtandaoni hakirudi. Binti akikosa noti kwenye wimbo wa 9, mwakani mtu atalitafuta jina la igizo na kukikuta. Mwaliko wa wazi, ndiyo, simu, hapana.

---

dada_dodoso

Naongezea kisa cha upande wa pili. Igizo la muziki *Spider-Man: Turn Off the Dark* lilianza maonyesho ya awali New York Novemba 2010 na likazinduliwa rasmi Juni 2011, baada ya maonyesho ya awali 182. Uzinduzi ulipoahirishwa mara kwa mara, wahakiki walichoka kungoja na Februari 2011 wakachapisha uhakiki wao. Kisha igizo likasimamishwa wiki kama tatu na kuandikwa upya sehemu kubwa, lakini maoni ya Februari ndiyo yaliyokuwa yameshasomwa. Ukiuza tiketi, maoni ni halali ya mnunuzi. Usomaji wa bure wa waalikwa ni jambo jingine, mradi mwaliko useme waziwazi: hili halijakamilika, tafadhali msirekodi. Na anayetaka kuandika mtandaoni ataje tarehe na kwamba ni usomaji. Mkitaka kujulikana, rekodini wenyewe wimbo mmoja uliokamilika, kwa vyombo vizuri, muupandishe nyinyi.

---

mtunzi_kariakoo

Sawa kabisa. La mwisho: kwenye harusi ya sehemu ya pili tumeweka kwa muda wimbo wa taarabu unaojulikana, mpaka mtunzi amalize wetu. Ina shida?

---

ngoma_na_vina

Shida mbili. Wimbo wa mtu ndani ya igizo unahitaji ruhusa ya mwenye haki kwa matumizi hayo hasa. Leseni ya kupiga muziki ukumbini haitoshi. Ulizeni ofisi ya hakimiliki, COSOTA mkiwa Tanzania, KECOBO mkiwa Kenya, kabla ya kusambaza mialiko.

Ya pili ni ya kazi yenyewe. Watu watauimba wote, watatunza, na kwenye karatasi za njano utakuwa ndio mstari unaokumbukwa kuliko yote. Wimbo wa kwenu ukija baadaye utaonekana umepooza, na mtunzi wenu atakuwa anashindana na kumbukumbu za miaka ya watu. Afadhali mpiga kibodi apige chakacha tupu bila maneno kwa dakika moja na nusu, na msomaji aseme "harusi". Karatasi za maoni zikirudi, futeni harusi kwenye hesabu.

---

fundi_mitambo_Tanga

Na chakacha hiyo mjaribu vyombo nayo kabla watu hawajaingia, ukumbi ukiwa mtupu, kisha mpandishe sauti za waimbaji kidogo. Miili 60 inameza sauti kuliko mnavyodhani, na konsonanti ndizo za kwanza kumezwa.